Gari lilimfungia Koko ndani, lawama zikaenda kwenye maziwa yake. Nilichokikuta chini ya zulia

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi ni mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya kimya, nikizidiwa naacha like. Leo nimeamua kufungua wa kwangu. Nitakachoandika nimekiona kwa macho haya haya mawili, kwa hiyo anayetafuta chai, hadithi za kutunga, ajaribu jukwaa la jirani.

Majina nimebadilisha. Wahusika nao wana simu.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi umeme wa magari, lakini taa na honi nawaachia wengine. Kazi yangu ni rimoti, smart key, control box, yale magari ambayo hayana pa kuchomeka ufunguo, unakaa nao mfukoni, unabonyeza kitufe linawaka. Kibanda changu kiko Kwa Mrombo, nyuma kidogo ya soko. Kwa asili ni Mmeru, kwetu ni migomba na kahawa, shemeji zangu wafugaji wananitania kwamba ng'ombe namjua akiwa kwenye sahani tu.

Sasa twende.

Ilikuwa kiangazi kilichokomaa. Wa Arusha mnakijua, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mvua hakuna, wingu hakuna. Hilo la mvua lishikeni, litatusaidia mbele.

Nikapigiwa simu na dada mmoja, nitamwita Namnyaki. Anakaa Njiro, ana kazi yake nzuri ya ofisini, na alikuwa amenunua gari lake la kwanza, dogo la Kijapani, la push start. Akaniambia gari halimtambui. Anasimama mlangoni na ufunguo uko kwenye pochi, halifunguki. Likikubali kufunguka, haliwaki, dashibodi inaandika kwamba ufunguo haupo. Akiliacha uani, linajifunga na kujifungua lenyewe na kupiga alarm mpaka majirani wanachungulia juu ya kuta.

Nikamwambia alete. Likaja juu ya mgongo wa gari la breakdown.

Nimezoea wateja wakifika wanaanza kuulizia bei. Huyu alishuka, akasalimia, akasimama karibu yangu kama mtu aliyekuja kuungama.

"Kaka, niambie ukweli," akasema. "Maziwa yanaweza kuua gari?"

Wakuu, nimeulizwa kuhusu mvua, soda, mkojo wa mtoto, hata panya. Maziwa ilikuwa mara ya kwanza. Nikavuta stuli nikamkaribisha, kwa sababu nilimwona machoni kwamba gari lenyewe lilikuwa tatizo dogo.

Hadithi yake ni hii.

Namnyaki ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, kule nyuma ya mlima, barabara ya Namanga. Yeye na mdogo wake Ester wamelelewa na bibi yao. Kule bibi wanamwita koko, nami nitamwita hivyo hivyo. Koko alikuwa anakamua alfajiri, anabeba maziwa mpaka Ngaramtoni kuyauza, na ada za shule za hao wasichana wawili zilitoka kwenye yale maziwa. Namnyaki alilisema hili mapema kabisa, na baadaye nikaelewa kwa nini.

Gari lilipofika, alilipeleka nyumbani likabarikiwe.

Kwa wasiojua: ndugu zetu hawa wakipata kitu kikubwa, nyumba, mtoto, safari, kinapelekwa kwa wazee. Mzee anachukua kibuyu cha maziwa, anachovya majani mabichi, ananyunyiza huku anaomba, na waliozunguka wanaitikia "Naai!" kila anapovuta pumzi. Ni Walutheri wazuri tu, mchungaji naye aliliombea gari siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeona ugumu.

Koko hana kazi ya nusu nusu. Alinyunyiza boneti, matairi, usukani, kila kiti. Halafu akaomba ufunguo. Akaufumbata katikati ya viganja na kuumwagia maziwa, akisema gari bila ufunguo ni banda tu.

Watu wakapiga vigelegele, wakala, Namnyaki akarudi Njiro.

Baada ya majuma machache akaenda tena kumchukua koko kumpeleka kanisani. Koko akakaa kiti cha nyuma, shuka jipya, shanga zote shingoni. Ibada ikaisha, wakarudi garini. Koko akapanda, Namnyaki akabaki nje anaagana na watu, vioo vimepandishwa, ufunguo uko kwenye pochi.

Gari likajifunga.

Likaanza kulia.

Mlango wa nyuma ulikuwa na ile lock ya watoto, kwa ndani haufunguki hata uvute vipi. Namnyaki anabonyeza rimoti, wapi. Anashika kitasa, wapi. Jua kali, uwanja wa kanisa umejaa waumini, kwaya nzima imesimama inatazama, na bibi wa watu yuko ndani ya kioo anagonga kwa kiganja. Namnyaki alisema kilichomuumiza zaidi ni kwamba koko hakupiga kelele. Alikuwa anagonga taratibu na kumwangalia.

Mtu alishaokota jiwe avunje kioo, ndipo gari likajifungua lenyewe, kama lilivyojifunga.

Tulia hapo kidogo mkuu, fikiria wewe ndiye yule bibi. Umelibariki gari mbele ya watu. Gari limekufungia mbele ya watu wale wale.

Maneno yakaanza. Namnyaki akalipeleka gari kwa fundi fulani, sitamtaja, yupo na anaendelea na maisha. Fundi akanusa ufunguo, akasikia maziwa yaliyochacha, akatoa hukumu: "Mmemwaga maziwa kwenye umeme, mmeua control box. Tafuteni nyingine." Baba mdogo wa Namnyaki alikuwepo. Akalibeba lile neno mpaka Oldonyo Sambu, na lilipofika kule likawa limeota pembe. Likawa: maziwa ya koko ndiyo yaliyoua gari. Kisha likawa: mkono wa koko umegeuka.

Wanasema lisemwalo lipo. Mimi nasema linakuwepo kwa sababu tumelisema mno.

Koko alilisikia. Hakugombana na mtu. Alitundika kibuyu chake ukutani, akasema mkono wake umezeeka vibaya, hatauweka tena juu ya kitu cha mtu.

Na Ester alikuwa anaolewa. Send-off, sherehe ya kumuaga, ilikuwa Jumamosi inayofuata. Ester akasema hatoki nyumbani bila mkono wa koko kichwani. Koko akasema mkono uliofunga gari utafunga na tumbo la binti, hathubutu. Wazee wengine walijitolea kumbariki, Ester akakataa wote. Kadi zimeshatoka, mahema yameshaagizwa, bibi harusi analia jikoni na bibi yake analia chumbani.

"Kwa hiyo kaka, ukiniambia ni maziwa kweli," Namnyaki akasema, "naomba unifundishe namna ya kumdanganya."

Nikafuta mikono kwa kitambaa.

Nikaanza na ufunguo. Na nikiri, kabla sijaufungua nilishaamini ni maziwa. Ulikuwa unanuka kama ndoo ya wiki iliyopita. Maziwa kwenye umeme ni mabaya kuliko maji safi, yana mafuta, yana chumvi chumvi, yakikauka yanaganda na kula shaba taratibu. Nilikuwa naandaa hotuba ya pole kichwani.

Nikatenganisha kava. Ndani, pembeni ya betri, kulikuwa na utando wa njano uliokauka. Maziwa ya koko, bila ubishi.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, wanaona uchafu wanasafisha, ushahidi unakwenda. Mimi kabla ya kusafisha nikachukua kifaa changu cha kupimia rimoti, nikasogeza ufunguo, nikabonyeza.

Taa ikawaka.

Nikabonyeza tena. Ikawaka. Kitufe cha kufunga, cha kufungua, vyote. Nikapima na upande wa smart, ule unaozungumza na gari bila kubonyeza, nao uko hai. Ufunguo ulikuwa mchafu, unanata, unanuka, lakini mzima kabisa.

Nikamwambia Namnyaki asiongee na mtu kwanza.

(Umeme ulikatika wakuu, nimerudi. Naona kuna mtu ameshauliza kama niliuweka kwenye mchele. Mkuu, mchele wa Magugu ni wa wageni. Kifaa kikilowa, mchele hautoi chumvi wala kutu, unakausha juu juu tu huku ndani kunaendelea kuoza. Usiniudhi mapema hivi.)

Tuendelee. Kama ufunguo unaongea na gari halisikii, basi masikio ya gari ndiyo mabovu. Kwenye aina hii ya gari kuna kiboksi, ndiyo hiyo control box, ukubwa wa sabuni ya kufulia, ndicho kinachopokea sauti ya ufunguo na kuamua mlango ufunguke au la. Wamekiweka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hangekiweka: chini ya zulia, mbele upande wa abiria.

Nikachomoa betri ya gari. Nikafungua kiti. Nikaukamata ukingo wa zulia nikauvuta.

Maji.

Zulia kwa juu kavu, unaweza kulalia. Chini yake kuna lile godoro jembamba la pamba, nilipolibonyeza kwa kidole yakatoka maji na povu. Narudia, ilikuwa kiangazi. Na yale maji yalikuwa yananukia. Yalinukia strawberry.

Nikanyanyua kichwa. Namnyaki alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda. Sikuwa nimemwuliza kitu, lakini ameshaweka mkono mdomoni.

"Dada, hili gari limeoshwa ndani?"

Akakaa chini. Si kwenye stuli, chini, kwenye tairi langu la kukalia mafundi wenzangu, na nguo zake za ofisini.

Akaniambia. Siku chache baada ya baraka, gari lilianza kunuka. Njiro jua linapiga, gari linashinda kwenye maegesho ya ofisi, maziwa yako kwenye viti. Siku moja alipewa kazi ya kuwapeleka wageni wa ofisi, Wazungu, mahali fulani. Mgeni mmoja akashusha kioo. Mwingine akauliza kwa upole kama kuna kitu kimemwagika. Namnyaki akasema mtoto amemwaga uji. Hana mtoto.

Jioni ile ile akapitia car wash, akawaambia: toeni harufu yote, isibaki hata chembe. Na vijana wa car wash ukiwaambia hivyo wanatii. Walipiga shampoo, wakapiga maji kwa presha mpaka chini ya viti, wakakausha juu, wakapulizia manukato. Harufu ikaisha. Gari likaanza kuugua.

"Nilijua moyoni," akasema. "Yule fundi aliposema maziwa, nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba nimeosha baraka ya koko kwa sabuni kwa sababu wazungu wameshusha kioo? Maziwa yale yamenisomesha."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi ningeweza kumkumbusha. Sikumkumbusha. Ningekuwa mimi, na wageni wa ofisi nyuma wanakunja pua, ningepitia car wash hiyo hiyo. Mimi nimewahi kuificha lafudhi ya Kimeru kwenye usaili wa kazi, na sikuipata hata hiyo kazi. Aibu ya mahali unakotoka haina shule, inampata msomi na asiye msomi.

Nikamwambia hivi: "Habari njema ni kwamba huhitaji kujifunza kudanganya. Habari ngumu ni kwamba inabidi useme kweli."

Akauliza kama gari litapona. Nikasema ngoja tuone.

Kile kiboksi nilipokifungua, pini za connector zilikuwa za kijani. Ndani, board ilikuwa na unga mweupe upande mmoja, na njia moja ya shaba ilikuwa imeliwa ikakatika. Ndiyo maana gari lilikuwa kama mtu mwenye homa, mara linasikia, mara halisikii, mara linasikia kitu ambacho hakijasemwa.

Nikaloweka kwa spirit ya kusafishia board, nikasugua kwa mswaki laini, nikakausha kwa hewa ya vuguvugu. Msitumie heater ya kuchomea, mtang'oa vitu. Ile njia iliyokatika nikaiunga kwa waya mwembamba kama unywele, pale unashika pumzi, mkono ukitikisika unaanza upya. Nikapaka vanishi kuzuia unyevu. Zulia na lile godoro nikavitoa vyote, nikavianika kwenye uzio. Ukitengeneza boksi ukalirudisha kwenye maji, umejichekesha.

Kipande cha lile godoro, pale palipokuwa panavuja povu, nilikikata nikakiweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko. Mkiniuliza kwa nini, sikuwa na mpango wowote. Mkono tu ulikataa kukitupa.

Nikarudisha kila kitu. Nikaunganisha betri. Nikampa Namnyaki ufunguo.

Akabonyeza push start. Ufunguo haupo.

Nilimwona anavyonyong'onyea. Nikarudi nikaufuata waya mmoja mmoja, nikakuta soketi nyingine ndogo, ya antena, imejificha chini ya kava la gia, nayo ina kijani ndani. Nikaisafisha. Akabonyeza tena.

Likawaka. Akaliwasha na kulizima mara sijui ngapi. Akashuka, akaenda mbali akiwa na ufunguo, likajifunga. Akarudi, likafunguka. Alikuwa anacheka na machozi yanateremka, watu wa sokoni wakawa wanasimama kutazama.

Mimi nilidhani kazi imeisha. Kumbe.

Alipiga simu Oldonyo Sambu pale pale. Akaeleza kila kitu kwa Kimaasai, sikuelewa yote, nilielewa anavyojilaumu. Upande wa pili koko akasema maneno machache. Namnyaki akashusha simu.

"Hajaamini. Amesema namfariji. Amesema mtoto aliyelelewa vizuri lazima aseme hivyo."

Nikaangalia lile kopo la rangi.

Siku moja kabla ya send-off tukapanda Oldonyo Sambu, Namnyaki anaendesha, mimi pembeni nimepakata kopo. Boma la koko liko juu ya barabara, upepo unapiga bila adabu. Mahema yalikuwa yanafungwa. Watu wakaliangalia lile gari namna watu wanavyomwangalia mbwa aliyewahi kung'ata.

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, akakigusa.

"Takwenya, koko."

"Iko," akaitikia. Halafu kwa Kiswahili, "Wewe ni wa wapi?"

"Mmeru, koko."

"Ahaa. Mtu wa ndizi."

Hata kwenye huzuni utani wa makabila hauachwi. Nikajua huyu bibi bado yupo.

Nikachuchumaa mbele yake. Sikuanza na maelezo ya board na antena, ningemweleza nini? Nikafungua kopo, nikamwambia: "Koko, hiki kitu nimekitoa ndani ya gari, mahali palipoharibika. Wewe umeishi na maziwa maisha yako yote. Kinuse wewe kwa niaba yangu, uniambie ni nini."

Akaniangalia. Akachukua kile kipande, akakipeleka puani. Akakikamua kwa vidole, akavinusa vidole. Baba mdogo alikuwa amesogea, na Ester ametoka jikoni na mikono ina unga.

"Hii siyo maziwa," koko akasema.

Baba mdogo akanyoosha shingo kukitazama.

"Maziwa yakilala siku nyingi yana harufu yake, naijua hata nikiwa nimelala. Hii ni sabuni. Tena ya mjini." Akamgeukia Namnyaki. "Maziwa yangu yalikwenda wapi?"

Namnyaki alipiga magoti, akaficha uso. Nikajibu mimi.

"Yalikuwa kwenye ufunguo, koko. Nimeyakuta mle ndani. Na ufunguo ni mzima. Katika gari lote, palipobaki maziwa yako ndipo palipokuwa pazima."

Wakuu, sikuipamba, ndivyo ilivyokuwa, kifaa changu kiliwaka kabla sijasafisha.

Koko akakirudisha kile kipande kwenye kopo. Halafu akamwuliza mjukuu wake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yalinuka?"

"Yalinuka, koko."

"Sana?"

"Sana."

"Sasa mtoto wewe, maziwa yakikaa juani yafanye nini? Yaimbe?" Akampiga kofi dogo begani. "Baraka iliingia siku ile ile. Yaliyobaki ni maziwa tu, ungepangusa na kitambaa. Kwa nini hukuniambia, unaniacha nauangalia mkono wangu kama wa mtu mwingine?"

Pale ndipo alipolia. Namnyaki akalia, Ester akamkumbatia na unga wake wote. Baba mdogo akaanza kushughulikia kamba ya hema ambayo ilikuwa imeshafungwa. Na mimi, mtu wa ndizi, nililia pia, anayetaka kunicheka acheke.

Baadaye koko aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kile kibuyu alichokuwa amekitundika ukutani. Akakipuliza vumbi.

Jumamosi nilialikwa. Ester alitoka na shanga zake, akainama, na koko akamwekea mkono kichwani, mkono wote, kwa muda mrefu kuliko mshereheshaji alivyopanga. Kila aliposhusha pumzi uwanja mzima ulijibu "Naai!" na mimi nikiwemo. Kisha akatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa baba mdogo, kwamba gari nalo linabarikiwa upya.

Nikamkimbilia. Nikamwambia koko, kwa heshima zote, matairi tu.

Akafanya matairi tu. Akasimama mlango wa nyuma, akasita kidogo, nikamshikia kitasa. Ukafunguka kwa mguso. Ile lock ya watoto nilishaiondoa, nikamwonyesha anavyoweza kuufungua mwenyewe kwa ndani, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga, anacheka.

Mafunzo niliyoondoka nayo ni ya aina mbili.

La ufundi: ukiosha gari la smart key, waambie car wash wasipige maji ndani, na ujue kiboksi chako kiko wapi. Gari likianza vituko, inua zulia kabla hujanunua control box. Na mweleze fundi yote, hata yale ya aibu. Fundi si mchungaji, lakini naye anatunza siri.

La utu: kabla hujasema mkono wa mtu ni mbaya, hakikisha umeangalia chini. Gari hutengenezwa. Mzee akishatundika kibuyu chake kwa ajili ya maneno yetu, sijui kuna fundi gani wa kumtengeneza, safari hii tulibahatisha tu.

Jukwaa ni lenu wakuu. Aliyewahi kusingiziwa, au aliyewahi kusingizia, aje hapa aseme, hatutamcheka. Wenye maswali ya rimoti nao waje, isipokuwa wa mchele.

Na wewe unayetaka kuuliza nililipwa nini kwa safari ya Oldonyo Sambu, nilikuona unakuja. Wakati naaga, koko alinishika viganja vyote viwili, akavitemea mate kidogo ya baraka, akavipaka maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu, akasema viendelee kufungua vilivyofungwa. Nilirudi navyo hivyo hivyo mpaka Kwa Mrombo, vinanuka, na sikuvipitisha kwenye maji.